Lumbesa ya Baharini: Njia Kumi za Kumhesabu Asiyetaka Kuhesabiwa

Ukisimama Njia Panda ya Himo alfajiri, utayakuta malori yamepanga foleni ya mizani kama watoto wanaongojea chanjo. Kila moja litapimwa, litaandikwa, litaachiwa. Muulize mtu yeyote pale yamepita malori mangapi usiku, atakupa namba. Muulize nini kimepita kwenye njia za panya za kwenda Taveta, ataanza kuusifia mlima.

Mwamba wa matumbawe nao uko hivyo hivyo. Samaki wa rangirangi wanaopigwa picha na watalii ndio malori ya barabarani. Wenyeji hasa wamo kwenye nyufa na matundu: kaa wa ukubwa wa punje ya mtama, kamba, konokono, minyoo, sifongo, na wengine ambao hata jina hawajapewa. Miamba ya matumbawe inachukua chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini inakadiriwa kubeba kama robo ya aina zote za viumbe wa baharini. Wengi katika hao hawana uti wa mgongo, wala mpango wa kujitokeza.

"Na wewe Mangi wa Himo, matumbawe umeyajulia wapi?" anauliza mtani wangu wa Kipare, dalali wa mahindi hapa sokoni.

Swali la haki, na jibu liko chini ya daraja. Mto Himo unateremka kutoka Kilimanjaro na kumwaga maji yake Ruvu (si ile ya Mlandizi, hii ni ya kwetu). Ruvu inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka bwawani mto Pangani unashika safari hadi baharini, kule kiliko kisiwa cha Maziwe, kilichotangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1975 na ambacho siku hizi ni fungu la mchanga. Povu la gari lililooshwa mtoni leo limeshakata tiketi ya pwani. Kwa hiyo sisi na matumbawe ni majirani wa nyumba moja. Wao wamepanga chumba cha chini, na sisi ndio tunaomwaga maji machafu dirishani.

Basi nimekusanya njia kumi ambazo watafiti wanatumia kuwahesabu wanaojificha, za baharini na mbili tatu za mlimani, nikampa mtani uamuzi wa mashindano. Nimemchagua kwa sababu anaijua lumbesa. Anajua gunia likiongezwa kilemba linakuwa gunia na nusu, na mkulima ndiye anayelia. Vigezo vyake ni vitatu. Njia inafichua wangapi? Inabomoa nyumba za watu kiasi gani? Na debe lake la leo ndilo litakalokuwa debe lake la kesho?

Tunaanza mkiani.

10. Kupita na futi kamba

Mzamiaji anatandaza futi kamba juu ya mwamba, anaogelea taratibu, anaandika kwenye kibao kisicholowa kila anachokiona kushoto na kulia. Mpango wa Reef Check, uliofanya hesabu yake ya kwanza ya dunia mwaka 1997, unatumia mstari wa mita 100 wenye vipande vinne vya mita 20, na orodha fupi ya wasio na uti wa mgongo wa kutafutwa: kamba koche, jongoo bahari, kombe wakubwa na wenzao wachache.

Haivunji kitu, na mtu aliyefundishwa vizuri kwa siku chache anaiweza. Lakini inawahesabu walio tayari kuhesabiwa. Ni sawa na kufanya sensa ya Himo kwa kupita na bodaboda ukiandika waliokaa vibarazani. Utaandika wazee, mafundi cherehani na mbwa wawili, halafu utatangaza kwamba mji huu hauna wanafunzi.

Mtani hakuinua hata kichwa. "Hiyo ni mizani ya Njia Panda. Ipite."

9. Fremu ya mraba na nungunungu wa bahari

Huyu ni yule wa mviringo mwenye miiba, anayemkumbusha mtalii aliyemkanyaga kumtaja mama yake. Nchini Kenya, Tim McClanahan na Nyawira Muthiga wamekuwa wakimhesabu tangu miaka ya 1980. Unapima eneo la mita 10 za mraba, unahesabu kila nungunungu aliyemo, pamoja na waliojichimbia kwenye mashimo ya mwamba, kisha unahamia eneo jingine.

Hesabu hiyo ndogo ilitoa siri kubwa. Penye uvuvi mwingi, nungunungu walijaa wakiutafuna mwamba usiku na mchana. Penye hifadhi kama Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, walikuwa haba. Kwa nini? Kwa sababu ya kikande, samaki mwenye meno ya kumgeuza nungunungu na kumla kwa upande wa chini. Na walihakikishaje kwamba wanaliwa? Waliwafunga nungunungu kwa uzi, wakawaacha mwambani, wakarudi baadaye kuona nani kabaki. Yaani mbuzi wa kumtegea chui, ila mbuzi mwenyewe amevaa misumari.

"Kumbe ukimmaliza kikande kwa kukaanga, unafuga miiba," mtani akanena. Ndivyo. Tatizo ni kwamba hapa umemhesabu mpangaji mmoja tu katika jengo la maelfu. Nafasi ya tisa inamtosha.

8. Kutega sikio

Zamisha kichwa penye mwamba hai, utasikia kama kuna mtu anakaanga bisi. Mpishi ni kamba mdogo mwenye koleo moja kubwa kuliko heshima yake. Analifunga kwa kasi hadi maji yanaacha kiputo, na kiputo kikipasuka ndipo mlio unapotoka. Watu walidhani ni koleo linalogongana, mpaka mwaka 2000 wanasayansi wa Uholanzi na Ujerumani walipoonyesha kwa kamera ya kasi kwamba kelele ni ya kiputo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kamba hawa waliwasumbua wanamaji waliokuwa wakisikiliza nyambizi za adui. Taifa zima linatega sikio kumsaka adui, linamsikia kamba.

Siku hizi watafiti huacha haidrofoni, yaani maikrofoni ya chini ya maji, kwa miezi, wakafuatilia kelele za mwamba zinavyopanda na kushuka. Hakuna kinachovunjwa wala anayeshtuliwa. Lakini ni kuhesabu wateja wa baa kwa makelele: mlevi mmoja utamwandika watano, na mkimya wa pembeni anayelipa bili zote hutamwandika kabisa. Konokono hasemi. Mnyoo hasemi. Hapa wanapotea wote.

7. Kugeuza mawe

Maji ya bamvua yakitoka na mwamba ukabaki wazi, kina mama na watoto wa pwani huingia na vijiti kumtafuta pweza. Hawapigi ramli. Pweza akila hutupa maganda mlangoni, kwa hiyo ukiona rundo la maganda na vijiwe mbele ya tundu, mwenye nyumba yumo. Ni msafi wa ndani, mchafu wa uani, kama wapangaji fulani ninaowajua.

Watafiti nao hugeuza mawe, ila wao huweka saa: dakika kadhaa, eneo fulani, kila aliye chini anaandikwa. Wengine hurudi usiku na tochi, maana wanaojificha mchana wengi hutoka kiza kikiingia. Konokono wa Dar es Salaam waliorodheshwa na J. F. Spry katika miaka ya 1960, na orodha ya aina hiyo haitungwi kwa kukaa ofisini. Kuna masharti mawili. La kwanza, jiwe lirudishwe kama lilivyokuwa, kwa sababu waliokaa chini wakipigwa na jua hufa kabla hujamaliza kuandika majina yao. La pili, usimwokote kila konokono mzuri. Yule koni ana mwiba wenye sumu, na aina yake moja inaua mtu.

Nikamweleza mtani kwamba katika karne ya 19, kampuni za Hamburg kama O'Swald na Hertz zilipakia kauri za mwambao huu melini na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha. Akaacha kupima mahindi.

"Ina maana fedha ilikuwa imelala chini ya jiwe, na babu zenu Wachaga wakapitwa?"

"Hawakupitwa, mtani. Walikuwa wanasubiri bei ipande."

6. Teke la mtoni

Hii nimeiweka kwa upendeleo na sitaomba radhi. Unaingia mtoni na wavu wa fremu ya sentimita 30, unautega chini ya mkondo, halafu unapiga mawe mateke na kuyasugua kwa miguu kwa dakika chache. Waliojishika chini ya mawe hung'oka na kuingia wavuni. Unawamwaga kwenye sinia jeupe na kazi inaanza.

Mfumo wa kuwapa alama tunao, unaitwa TARISS. Uliandaliwa na Lulu Kaaya na wenzake, ukachapishwa mwaka 2015, baada ya kuurekebisha mfumo wa Afrika Kusini ufae mito yetu. Kila ukoo wa wadudu wa majini una alama, kuanzia 1 hadi 15. Minyoo na viluwiluwi vya mbu, wanaovumilia maji ya aina yoyote, wana alama za chini kama mwanafunzi wa kuchelewa. Nzi wa mawe na wenzake, ambao maji yakichafuka kidogo wanahama bila kuaga, wana alama za juu. Unajumlisha, unagawa kwa idadi ya koo ulizopata, na mto umeshapewa ripoti yake ya muhula. Huhitaji maabara wala jina la kila mdudu. Ukoo unatosha, kama kwenye kikao cha harusi.

"Na mto wako wa Himo unapata ngapi?"

Nikamwambia twende tupige teke juu ya daraja, halafu chini yake wanapooshea magari, tulinganishe. Akakumbuka ana mteja.

Baharini njia hii haipiti. Mwamba wa matumbawe haupigwi teke. Ukiupiga, mnaumia wote wawili.

5. Moshi, utupa na karafuu

Terry Erwin, Mmarekani, alikuwa na swali la mtoto mdogo: juu ya mti mrefu wa msituni kuna nani? Huko Panama alipuliza moshi wa dawa kwenye miti 19 ya aina moja, akakinga chini, na mbawakawa wa aina kama 1,200 wakaanguka. Mwaka 1982 akapiga hesabu na kusema huenda nchi za joto zina aina milioni 30 za wadudu na jamaa zao. Wenzake wamebishana naye miaka mingi na kuishusha sana namba hiyo, lakini tangu siku ile hakuna aliyeutazama tena mti kama mti tu. Hata hapa jirani, Mkomazi, ukishapita Same, George McGavin na wenzake waliipulizia migunga dawa namna hiyo katika miaka ya 1990.

Chini ya maji moshi haupandi, lakini wazee wetu walikuwa na jibu: utupa. Majani yanatwangwa, yanatupwa majini, samaki wanaelea. Sumu iliyomo ni ya jamii ya rotenoni, ambayo wanasayansi nao wameitumia kuwatoa samaki waliojificha mwambani. Kwa mvuvi ni haramu, na ni haki iwe haramu. Sumu haichagui mtoto na mzee.

Njia ya upole zaidi ni mafuta ya karafuu. Dawa iliyomo humlewesha kiumbe, akalegea, akatolewa kwenye ufa, akahesabiwa, kisha akazinduka akiwa na kichwa kizito na hadithi isiyoaminika. Fikiria sasa: Zanzibar imesafirisha dawa ya usingizi zaidi ya karne nzima ikidhani inasafirisha kiungo cha pilau.

Kasoro ni kwamba mkondo unaipeleka dawa kwa wasiohusika, na debe halishikiki: leo imeenea hapa, kesho imeenda kule. Mtani akatikisa kichwa. "Anayelewesha shahidi asitegemee ushahidi."

4. Kusugua na kunyonya

Hapa ndipo ushamba unapoanza kutoka. Philippe Bouchet wa makumbusho ya taifa ya elimu viumbe ya Paris aliongoza kikosi hadi Koumac, New Caledonia, kwa kazi moja: konokono, chaza na jamaa zao wote. Waliokota kwa mkono, walikokota nyavu, waliyasugua mawe kwa brashi juu ya kikapu, na walinyonya nyufa kwa bomba kama watu wanaofagia zulia la msikiti kabla ya Idi.

Kilomita za mraba 295, vituo 42, siku-kazi 400. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002: aina 2,738. Na kilichowanyima usingizi hakikuwa hiyo namba. Katika kila aina tano, moja ilipatikana kwa kiumbe mmoja tu! Maana yake ni kwamba baada ya jasho lote lile, bado walikuwa mlangoni. Ukifika sokoni Himo siku moja ukakuta kila kibanda cha tano kina bidhaa usiyoiona kwingine kokote sokoni, jua soko hujalimaliza.

Hesabu ni kubwa, ubomoaji ni wa kiasi. Kinachoua ni uchambuzi. Kikapu kimoja cha mchanga wa mwambani kinapita kwenye chekeche, kisha kwenye hadubini, kisha kwenye subira, miezi hadi miaka. Mtani akasema angewapelekea kina mama wanaochambua maharage hapa sokoni, kazi iishe kwa wiki. Sikubishana. Nimewaona wakifanya kazi.

3. Nyundo na ndoo

Unatafuta kichwa cha tumbawe lililokufa, unakifunika haraka asitoroke mtu, unakipandisha na wakazi wake, unakivunja vipande vipande kwa nyundo na patasi, unamtoa kila mmoja kwa kibano. Kwa nini lililokufa? Kwanza kwa heshima ya lililo hai. Pili, tumbawe likifa halibaki tupu, matundu yake yote yanapata wapangaji.

Mwaka 2011, Laetitia Plaisance na wenzake walijumlisha sampuli za namna hii kutoka bahari kuu tatu zenye matumbawe. Eneo lote likiunganishwa ni mita za mraba 6.3. Hicho ni chumba cha kupanga cha mita mbili na nusu kwa mbili na nusu, kile ambacho hapa Himo kijana mmoja anaingiza kitanda, jiko la gesi na spika kubwa, na mlango unagoma kufunguka. Ndani ya chumba hicho walipata aina 525 za jamii ya kaa na kamba peke yao. Hatujagusa minyoo, konokono wala sifongo.

Na hao wadogo si wapita njia. Kwenye matawi ya tumbawe hai kuna kaa ambao nyota-bahari wa miiba, mla matumbawe, akija humtokea wakambana miguu mpaka ageuze. Ni walinzi wa ukubwa wa kifungo cha shati, hawana rungu, hawana filimbi, na hawajawahi kusinzia lindoni.

Nyundo ingeshika nafasi ya juu zaidi, ila imevunja kigezo cha pili kwa maana halisi ya kuvunja. Lakini tusiwaonee watafiti. Tanga waliijua njia nyingine ya kuvunja mwamba, baruti, iliyopigwa marufuku tangu 1970 na ikaendelea kulia miongo mingi baadaye. Nyundo ya mtafiti inavunja jiwe moja na kuwahesabu wote. Baruti inavunja yote na kuwahesabu samaki wa kapu moja.

2. Maji ya chupa

Hii mtani aliposikia alidhani namtania kupita mpaka. Unachota maji ya bahari, unayachuja kwenye karatasi yenye matundu madogo sana, unaitupa bahari na kubaki na karatasi. Kwenye karatasi yamebaki makombo: ute, ngozi, kinyesi, mayai. Ndani ya makombo mna DNA, na ndani ya DNA mna kipande kifupi kinachofanya kazi ya msimbopau wa dukani. Wazo la kutumia kipande kimoja, chenye herufi kama 650, kuwatambulisha wanyama lilipendekezwa na Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, mwaka 2003.

Havunjwi mtu, hashikwi mtu, na kwa lita chache unapata majina ambayo mzamiaji angeyatafuta mwezi mzima. Kwa nini basi si namba moja? Kwa sababu msimbo unahitaji daftari la kuulinganisha nalo, na kwa viumbe wa mwambani daftari lina kurasa nyingi nyeupe. Namba ya gari unayo, kadi ya gari haipo. Tena maji hayana kwao: mkondo unaweza kukuletea kombo la kiumbe aliyeko mwamba wa pili, nawe ukamwandika mkazi wa hapa.

Macho ya mtani yakang'aa. Mpare ni yule anayeuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. "Ushahidi upo, mshtakiwa hayupo, na jirani anasingiziwa," akasema. "Nipe hiyo kesi, Mangi. Hata bure naisimamia."

1. Nyumba ya kupanga

Hawa hawakumkimbiza mtu. Walijenga nyumba, wakasubiri wapangaji.

Kifaa kinaitwa kwa kifupi ARMS. Kiliandaliwa na wanasayansi wa NOAA, idara ya Marekani ya bahari na anga, na wenzao, wakati wa Sensa ya Viumbe wa Baharini iliyoendeshwa kati ya 2000 na 2010. Ni vibao tisa vya PVC, plastiki ile ile ya mabomba, kila kimoja sentimita 22.5 kwa 22.5, vimepangwa kimoja juu ya kingine na kukazwa kwa bolti. Kati yao zimeachwa nafasi, sakafu moja wazi na sakafu nyingine yenye vyumba. Ghorofa lote halifiki urefu wa ndoo ya lita ishirini. Linafungwa kwenye mwamba na kuachwa mwaka mmoja hadi mitatu, bila dalali wala kodi ya miezi sita.

Wapangaji huja. Wengine hujibandika ukutani, kama sifongo na chaza. Wengine huingia wakitembea. Siku ya kuhesabu, kreti lenye wavu mwembamba hufunikwa juu ya jengo kabla halijang'olewa, asitoroke mtu kwa mlango wa uani. Likifika juu, bolti zinafunguliwa, kila kibao kinapigwa picha pande zote mbili, na maji ya kuoshea yanapita kwenye chekeche za ngazi tatu. Wanaozidi milimita 2 huandikwa mmoja mmoja kama wageni wa gesti. Wa nusu milimita na wa karibu sehemu ya kumi ya milimita husomwa DNA kwa mafungu. Waliojibandika ukutani hukwanguliwa, wakasagwa kwenye blenda, uji wao ukasomwa vivyo hivyo. Ukialikwa kwenye maabara hiyo, ukaulizwa kama utakunywa juisi, sema umefunga.

Kasoro zipo. Plastiki si tumbawe. Pweza mwenye mwili hapati chumba. Na watakaohamia ni wale wanaopenda nyumba mpya, wenye nyumba za ukoo hawabanduki. Lakini sikiliza kigezo cha tatu: vibao vya Pasifiki, vya Karibiani na vya Bahari ya Shamu ni vile vile, sentimita kwa sentimita. Mwamba wa Bahari ya Shamu na mwamba wa Hawaii imepimiwa debe moja.

Mlimani kwetu siri hii ya debe moja imetumika pia. Mwaka 1905 na 1906 Yngve Sjöstedt wa Sweden alikusanya wadudu kwa maelfu Kilimanjaro na Meru, mzigo wa kujaza vitabu, ila debe lake lilikuwa macho yake na miguu yake. Karne moja baadaye watafiti wa mradi wa KiLi walichagua maeneo kuanzia nyika ya chini hadi juu ya mwisho wa miti, na kila mahali wakatega kwa kanuni moja: vikombe vilivyofukiwa usawa wa ardhi, vibakuli vya rangi, bila kumpendelea mdudu wa Machame wala wa nyikani. Ndipo mwaka 2016 wakaweza kulinganisha mimea na wanyama kwenye mpando wa kilomita 3.7 bila mtu kuuliza, "Ulipima kwa gunia gani?"

Nilipomaliza, mtani alikuwa kimya, jambo ambalo kwa Mpare hugharimu. Kisha akatoa hukumu.

"Zile tisa nyingine zote zina lumbesa," akasema. "Mmoja anapunja wasioonekana, mwingine anapunja wasiosema, mwingine anajaza kilemba kwa watu wa mwamba wa jirani. Huyu wa mwisho naye anapunja, lakini anapunja sawasawa kila siku na kila mahali. Mtu wa hivyo unaweza kufanya naye biashara."

Mteja alikuwa amefika. Mtani akajaza debe la mahindi, akachukua kijiti chake na kulikata juu kwa mstari ulionyooka, bila kilemba, ili nione. Punje chache zikadondoka mezani. Katikati yake akajitokeza dumuzi mmoja, mweusi, mfupi, mwendo wa mwenye mali.

Kuna wakulima nchini wanaomwita mdudu huyu Scania, kama lile lori. Mtani alimtazama, akatazama gunia lililoshiba nyuma yake, akanitazama mimi. Nje, mizani ya Njia Panda iliendelea kuita lori moja baada ya jingine.

"Huyu ametoka," akasema polepole. "Humo ndani wamebaki wangapi?"

"Sasa unaongea kama mtafiti, mtani."

"Sasa naongea kama mtu aliyepitishiwa Scania bila mizani," akajibu, akaanza kulifungua gunia.